Anafumua kwa mkono wake tepe za msiba wa mumewe

Saa tano asubuhi ya Jumamosi, chini ya majukwaa ya uwanja wa Corliss Mill, mji mdogo wa Pennsylvania, Darlene Hruska anafumua. Amekaa kwenye kiti cha chuma, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, jezi ya kijivu iko mapajani. Anapitisha ncha ya mkasi mdogo chini ya mshono, anakata, anavuta uzi, anakata tena.

Nyuma yake zimetundikwa jezi nyingine ishirini na tano. Kila moja ina utepe mweusi kwenye mkono wa kushoto. Tepe hizo alizishona yeye mwenyewe, Alhamisi na Ijumaa, na ni za msiba wa mumewe.

"Utanionea huruma nikimaliza," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Sasa hivi shika pindo hilo, usinitazame kama maiti."

Kesho timu ya besiboli ya Corliss Mill inacheza mechi ya mwisho. Si ya mwisho wa msimu, ni ya mwisho kabisa. Wakubwa wa ligi wamepunguza timu za miji midogo, na yetu imo kwenye orodha. Barua ilikuja Februari, kurasa mbili, nusu ya kwanza ni shukrani.

Ili kuwaaga mashabiki, uongozi uliagiza jezi za kumbukumbu, mfano wa zile za mwaka 1948 timu ilipozaliwa kwa jina la Wahunzi. Zilifika kwenye maboksi wiki iliyopita. Darlene, mwenye umri wa miaka 71, ndiye aliyezipokea, kwa sababu kwa miaka arobaini na mmoja hakuna jezi iliyovaliwa hapa kabla haijapita mikononi mwake. Analipwa dola mia nne kwa mwezi wakati wa msimu, na kiwango hicho hakijaongezeka tangu 2006.

Uwanjani hapa kuna desturi moja ambayo haijaandikwa popote. Mtu wa timu akifariki, awe mchezaji, mkata tiketi au muuza karanga, wachezaji huvaa utepe mweusi mkono wa kushoto hadi msimu uishe. Kitambaa cha tepe hizo ni kile kile siku zote, jora la sufu nyeusi lililonunuliwa mwaka ule wa 1948. Darlene amelikatia watu thelathini na mmoja. Hakuna aliyewahi kuombwa ruhusa, maana ruhusa ya kulilia maiti huombwa kwa nani?

Wa thelathini na mbili ni Emmett Hruska, mumewe, aliyekuwa mtunza uwanja kwa miaka thelathini na sita. Alifariki Machi, wiki tatu kabla msimu haujaanza, akiwa ndani ya kibanda cha mashine za kukatia nyasi. Alikuwa akinoa visu.

Aprili, Darlene alipanda ngazi hadi ofisini kwa meneja, Kyle Brandvold, kijana wa miaka 29 aliyeletwa na wamiliki wapya, kumjulisha kwamba anaanza kushona tepe. Anayakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno.

"Hizi jezi za sasa zimechapwa, Bi Darlene," Kyle alimwambia. "Ukizitia sindano zinaharibika."

"Kwa hiyo Emmett asililiwe?"

"Sijasema hivyo. Tutaona mechi ya mwisho, ile ya jezi za zamani."

Kwa Darlene hiyo ilikuwa ahadi. Akarudi chini, akasubiri miezi mitano. Kwa Kyle, na mwenyewe amekiri hivyo mbele yangu, yalikuwa maneno ya kumtoa mama wa watu mlangoni bila kumliza.

Leo asubuhi Kyle alishuka na vikombe viwili vya kahawa, akakuta jezi zimetundikwa. Alisimama pale hadi kahawa ikammwagikia kidoleni.

"Hii nini, Bi Darlene?"

"Emmett."

"Lo! Mungu wangu. Zote?"

"Ulitaka nichague?"

Ndipo alipomweleza. Jezi zote ishirini na sita zimeshauzwa mtandaoni. Wanunuzi wametoka kila pembe ya nchi, wengine hawajawahi kukanyaga Pennsylvania. Mechi ikiisha, kila jezi itavuliwa mgongoni mwa mchezaji ikiwa na jasho lake, itiwe sahihi na kutumwa. Mkataba unasema iwe kama ilivyo kwenye picha.

"Na kwenye picha Emmett hayupo," Darlene akasema.

"Hayupo."

"Basi waandikie uwaambie kuna mtu amekufa."

"Siwezi. Jumatatu mimi mwenyewe sina kazi. Nisamehe."

Si mtu mbaya, Kyle. Ningependa awe mbaya, makala haya yangekuwa rahisi kuandika. Alikiweka kikombe kimoja cha kahawa juu ya cherehani na kuondoka. Hadi naandika, kahawa ile haijanywewa.

Jezi ya kwanza ilipofumuliwa, kukatokea jambo ambalo Darlene alilijua na Kyle hakulijua. Matundu ya sindano yamebaki. Mistari miwili ya vitundu imezunguka mkono, sentimita tano kati ya mmoja na mwingine.

"Sufu inasamehe," anasema Darlene. "Ukifumua, unaitia mvuke, unaisugua na kidole gumba, tundu linajifunga. Hiki kitambaa chao ni plastiki. Plastiki haisamehe mtu."

Sufu anaijua. Ukutani mwa chumba hiki ametundika jezi moja ya kila zama, na wakati mkasi unafanya kazi yake, yeye anazionyesha kwa kidevu.

Ya kwanza ni ya 1948, kijivu, nzito kama blanketi la jeshi. Kifuani kuna mhunzi mwekundu ameinua nyundo kwa mkono wa kushoto. Alikusudiwa kuwa wa mkono wa kulia. Bi Agnes Dvorak, mshonaji wa kwanza, alilaza kigezo cha karatasi juu ya upande wa nyuma wa kitambaa, akakata wahunzi kumi na wanane kabla hajageuza mmoja kumtazama. Mechi ilikuwa saa nane mchana. Mwenye timu alitukana, akatazama saa, akasema washoneni hivyo hivyo. Mrushaji wa siku hiyo naye alikuwa wa mkono wa kushoto, akawazuia wapinzani wasipate hata pointi moja. Tangu hapo asingepona mtu ambaye angethubutu kumrekebisha mhunzi.

Wengine tulilelewa kwa kuchapwa kila tuliponyoosha mkono wa kushoto kupokea kitu. Nimeishi hapa miaka ishirini na mbili, na bado nashtuka kidogo kipindi cha saba kinapofika na uwanja mzima, wazee kwa watoto, unainua ngumi za kushoto kama mhunzi.

Inayofuata ni ya 1963. Miaka hiyo timu kubwa ya mjini iliwapa Wahunzi jezi zake kuukuu, na kazi ya mshonaji ilikuwa kufumua jina la wakubwa na kushona la kwetu. Juani ungeliona jina la wakubwa limejichora chini ya letu, rangi mbichi ambayo jua halikuifikia. Kisha ya 1977, ya rangi ya chungwa, nyembamba na ya kubana. "Emmett alisema wanafanana na chupa za soda zilizotiwa miguu," anasema Darlene, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

Kiwanda cha chuma kilipofungwa 1984, mwenye timu alitaka kumwondoa mhunzi, akidai anawakumbusha watu majonzi. Watu walimjibu kwa kuja na nyundo uwanjani. Mhunzi akabaki. Mwaka 1996 akavishwa nyeusi na kupewa meno ya hasira, kwa kuwa vijana walipenda nembo zenye hasira. Kisha, miaka mitatu iliyopita, wakaja wamiliki wapya na utafiti wao. Timu ikaitwa Bata Vichaa. Nembo ikawa bata aliyevaa miwani ya jua.

Wakati huo Emmett alikuwa hai. Siku bango la bata lilipopandishwa alisimama katikati ya uwanja na reki yake, akamwita mkewe kwa sauti ya kusikika jukwaa zima: "Darlene! Miaka yote nimemfagilia mhunzi, leo namfagilia kitoweo!"

Sasa jezi za kumbukumbu zimerudi na mhunzi kifuani. Ila huko zilikotengenezwa kuna mtu mwangalifu ameliona kosa la Bi Agnes na kulisahihisha. Mhunzi wa jezi hizi ameinua nyundo kwa mkono wa kulia.

"Ulimwambia Kyle?"

"Nilimwambia. Akasema hakuna atakayeona." Anaitupa jezi ya kumi na nne kwenye kikapu. "Pengine ni kweli. Wanaoona tumebaki wangapi?"

Saa sita na nusu anaingia Yeferson Batista, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, mwenyeji wa San Pedro de Macorís, ng'ambo ya bahari, na sahani ya maandazi ya jibini yaliyopikwa na mkewe. Anakitazama kikapu, anaitazama meza ilivyojaa tepe nyeusi.

"Mama D, nani amekuambia uzitoe?"

"Mwenye funguo."

"Yangu iache."

"Yako imeuzwa, mwanangu. Ya daktari mmoja wa meno huko Oregon."

"Daktari wa meno aje anivue yeye mwenyewe. Mzee Emmett alininyunyizia maji sehemu yangu kila siku, alijua magoti yangu yanauma. Kwangu ule mchanga ulikuwa godoro."

"Na ulikuwa unautemea mate."

"Niliutemea mate kwa heshima," anasema Yeferson, na machozi yanamtoka hapo hapo, mtu wa kilo mia moja na tano. Darlene hainuki. Anamwambia akae, ale maandazi yake, asidondoshee mafuta kwenye jezi za watu.

Niliuliza kwa nini asikatae tu kuzifumua, azifungie mlango.

"Zikienda na tepe, wanunuzi watazirudisha. Pesa zile ndizo zitakazowalipa hawa vijana nauli za kurudi kwao. Kyle amenionyesha karatasi. Nimtoe Emmett au niwanyime nauli?" Akaokota utepe mmoja, akaukunjua. "Shida ni kwamba jora limekwisha. Nilikuwa nimejiwekea kipande changu, cha siku nitakapokufa mimi. Bi Agnes alikuwa anavisha wachezaji kumi na wanane, siku hizi ni ishirini na sita. Nikakata na changu ili mume wangu atoshe."

Alimaliza saa tisa alasiri. Akazipanga tepe ndani ya kopo la biskuti, akafunika, akanawa mikono. Hakulia. Alikuwa ameniambia nitamwonea huruma akimaliza, nami nikamshikia taulo.

Jumapili watu elfu tatu na mia moja walikuja, idadi ambayo uwanja haujaiona tangu kiwanda kifungwe. Wahunzi walifungwa tisa kwa moja. Kipindi cha saba uwanja ukasimama, ngumi za kushoto juu, na kule chini wanaume ishirini na sita wamesimama na mhunzi wa mkono wa kulia vifuani mwao. Mzee aliyekuwa mbele yangu aliwatazama, akautazama mkono wake, akaushusha.

Darlene aliketi safu ya nne, upande wa mdakaji. Kutoka pale matundu hayaonekani. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Yeferson alipokuwa akitoka uwanjani alipita karibu na wavu, akamgeuzia bega la kushoto, akaligonga kwa kidole mara mbili. Darlene akaitikia kwa kichwa. Hayo ndiyo yote aliyoyapata Emmett Hruska.

Jezi zilipovuliwa, mtu wa kampuni ya mauzo alizikagua moja baada ya nyingine mezani, na hapo ndipo matundu yalipoonekana. Kwa mujibu wa mkataba, kasoro yoyote lazima iandikwe kwenye cheti kinachofuatana na jezi, pamoja na sababu yake. Kyle akamwita Darlene ajaze, kwa kuwa ndiye aliyetoboa.

Alijaza vyeti vyote ishirini na sita kwa mwandiko wake wa shule ya masista. Kasoro: matundu ya sindano, mkono wa kushoto. Sababu: *Emmett Hruska, mtunza uwanja, miaka 36.*

Mtu wa mauzo alikisoma cha kwanza, akamtazama Kyle. Kyle akatazama sakafu. Vyeti vikakusanywa, vikachanwa, vikachapwa vingine palepale kwenye mashine ndogo. Sababu: kasoro ya kiwandani.

Jumatatu Darlene alirudisha ufunguo. Jumanne ameanza kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, ng'ambo ya mto, anashona majina kwenye kola za nguo zao zisichanganyike zikifuliwa. Wengi anawajua. Walikuwa wakiinua ngumi kipindi cha saba.

Kabla hatujaagana nilimuuliza swali ambalo sisi waandishi huuliza tukitaka kumaliza, kwamba anatumaini nini. Alilitazama kopo la biskuti lililokuwa kwenye kiti cha mbele cha gari lake, limefungwa mkanda.

"Kwamba mmoja wao ataitundika ukutani," akasema. "Huyo daktari wa meno, au yeyote. Siku moja jua lipite dirishani limulike ule mkono, aone matundu yamekwenda sawasawa, mistari miwili, aseme hili si kosa la kiwandani, hii ni kazi ya mtu. Ajiulize nani alikufa."

Akawasha gari.

"Basi. Hata asipopata wa kumjibu."