Mwaka Nilioanza Uuguzi

Mgonjwa niliyepangiwa kwenye mtihani wa vitendo alikuwa bibi mmoja aliyeteleza shambani akichuma maharage, akavunjika nyonga. Kiswahili alikijua kidogo, na hicho kidogo hakupenda kukitumia. Alilala chali, mguu umevutwa kwa kamba na uzito, akanitazama nikiingia na beseni langu kama mwenyeji anayemtazama mgeni, hajui amkaribishe au amfukuze.

Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu katika chuo cha uuguzi kilichokuwa ubavuni mwa hospitali ile, huko huko kwetu milimani. Nyumbani kwetu ni karibu na Vuga. Baba alilima mboga na mahindi, mama alimsaidia, na kabla ya chuo sikuwa nimewahi kulala kwenye kitanda chenye mashuka mawili. Nchi ilipata uhuru nikiwa darasa la kwanza. Sasa nilikuwa msichana mkubwa, redio inahimiza ujamaa na kujitegemea asubuhi na jioni, na tuliambiwa kwamba kila kijiji kipya kitahitaji muuguzi. Lakini kwanza mtihani.

Mtihani wa kuandika tulikuwa tumeufanya siku mbili zilizotangulia. Wa vitendo ndio uliotutoa jasho. Mtahini alitoka Dar es Salaam. Alikuwa mama mrefu, nywele zimeanza mvi, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Alikuwa amevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi yetu ya Julai, na bado alisugua viganja kila mara. Hakucheka na mtu.

Nilimpigia bibi shikamoo, nikaanza. Nilimwogesha kitandani, nikabadilisha mashuka akiwa amelala, bila kuugusa mguu wake wa maumivu. Nikampima joto. Likabaki la mapigo ya moyo.

Karatasi yake ilining'inia miguuni mwa kitanda. Nilikuwa nimeisoma kabla. Kila asubuhi, kwa mwandiko wa watu mbalimbali, mapigo yalikuwa sabini na mbili. Jana sabini na mbili, juzi sabini na mbili. Nikaweka vidole vitatu kwenye mkono wake, nikaitazama saa yangu.

Moyo ukapiga, ukapiga, ukapiga, kisha ukanyamaza. Nikadhani nimeupoteza mshipa. Kabla sijasogeza vidole ukapiga tena, kwa nguvu, kama mtu aliyejikwaa akajishika. Nikaanza kuhesabu upya.

Bibi akaniuliza kwa Kishambaa kama nimeuona.

"Upo, bibi," nikamjibu kwa Kishambaa. "Lakini unapumzika njiani."

"Hata mimi napumzika njiani," akasema. "Mlima ni mkali."

"Anasema nini?" mtahini akauliza.

Nikamweleza. Hakutabasamu. Nikabaki nimeshika kalamu. Wenzangu waliokuwa wakihudumu wodi ile walikuwa wameandika sabini na mbili, na baadhi yao walinizidi sana darasani. Kama nimekosea, nimekosea mbele ya mtu aliyetoka Dar es Salaam kuja kuniona nikikosea. Nikaandika nilichokisikia: sitini na mbili, na kwamba yanaruka.

Mtahini akaisoma karatasi, akayarudisha macho yake juu kwenye zile sabini na mbili zote.

"Umehesabu wewe, au umekisia?"

"Nimehesabu, mama. Mara mbili."

Akavuta kiti. Akaushika mkono wa bibi, akatazama saa yake dakika nzima, kisha dakika nyingine. Wodi ilikuwa kimya mpaka nikasikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye mabati. Aliposimama, alimwita muuguzi wa zamu akamwambia daktari aitwe aje amsikilize bibi huyu moyo. Mimi akaniambia neno moja tu: "Endelea."

Jioni ile, bwenini, nilijishika mkono wangu mwenyewe, nikakaa hivyo muda mrefu. Moyo nilikuwa nimeusikia ukitajwa tangu utoto, kwenye mapenzi, kwenye kuapa, kwenye mawaidha. Siku ile ndipo ulipoingia akilini mwangu kama kitu kinachofanya kazi bila likizo, ndani ya kila mtu, hata ndani ya yule bibi aliyechuma maharage miaka sabini bila kushukuriwa na mtu. Nilishikwa na hofu ya heshima, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada akasahau kuvua viatu.

Matokeo yalichukua wiki nyingi kufika. Tuliitwa ofisini kwa matroni mmoja mmoja. Aliponikabidhi barua alisimama, na yeye hakuwa mtu wa kusimama kwa ajili ya wanafunzi.

"Umefaulu. Utasajiliwa," akasema. "Kuanzia leo ukisema mgonjwa ana homa, watu wataamini ana homa. Kwa hiyo usiseme ovyo."

Nilitoka nikitaka kupiga vigelegele, nikamkuta mwenzangu wa kitanda cha jirani amekaa kwenye ngazi, barua imekunjwa mapajani. Hakufaulu. Huyu ndiye aliyenifundisha majina ya mifupa kwa kuiimba tukifua nguo. Nikakaa karibu naye, furaha yangu nikaificha kama mwizi. Alilia kidogo, kisha akajifuta uso, akaniuliza, "Gauni lako jeupe umeshalipiga pasi?"

"Bado."

"Wewe hujui kutia wanga. Lilete."

Akawasha mkaa, akalitia gauni langu wanga, akalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Alirudia mtihani baadaye akafaulu, akawa mkunga hodari kuliko mimi. Lakini wakati ule hakuna aliyejua hilo, na yeye alinipigia pasi bila kujua. Nimeona mambo mengi ya kushangaza katika kazi hii, na hilo naliweka miongoni mwake.

Nikapangiwa zahanati moja huko Mnazi, bondeni. Mama aliposikia akashika kiuno. Kwetu watu wa juu, Mnazi ilikuwa joto, mbu na nyoka. Lori lilinichukua Lushoto, tukapita Mlalo, tukaanza kuteremka kwenye kona ambazo dereva alizikata akisoma dua kwa sauti. Kila kona nilivua kitu: kwanza koti, kisha sweta, kisha kitambaa cha shingoni. Tulipofika chini, hewa ilikuwa kama ya jikoni. Nikageuka nikaitazama milima tuliyotoka. Sikuwahi kuiona kwa nje. Nilikuwa nimeishi ndani yake maisha yangu yote, nikidhani dunia ndivyo ilivyo, na kumbe ilisimama vile, ukuta wa bluu unaoshika nusu ya anga.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamia kutoka vitongoji vya mbali, nyumba zimepangwa kwa mistari, udongo wa kuta bado una rangi ya unyevu. Zahanati ilikuwa vyumba viwili. Mkuu wake alikuwa tabibu mmoja mtu mzima, mpole, aliyezoea kufanya kazi peke yake. Asubuhi ya kwanza nilivaa gauni langu nikasimama mlangoni. Mzee mmoja, umri wa kumzaa baba yangu, akaja na kikohozi chake, akavua kofia.

"Shikamoo, daktari."

Nilihisi ardhi imegeuka. Kwetu mtoto aliyechelewa kusema shikamoo alirudishwa mlangoni aingie upya, na sasa shikamoo ilikuwa inanijia mimi. Sikuweza kuipokea.

"Shikamoo wewe, babu," nikasema. "Mimi ni muuguzi tu. Tena mtoto wako."

"Marahaba," akasema, amefarijika kidogo. Lakini kesho yake alisema tena vile vile, maana hakuwa akinisalimu mimi. Alikuwa akilisalimu gauni.

Wiki ya tatu tabibu alipanda Lushoto kufuata dawa. "Ni siku mbili tu," akaniambia. "Mambo ni yale yale, malaria na vidonda."

Asubuhi ile ile, jua likiwa limeshawaka, akaja mama mmoja kijana kutoka mashambani, mtoto amefungwa mgongoni, na nyuma yake mama mkwe wake, bibi mwembamba aliyevaa kaniki. Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi kumi hivi. Alikuwa akiharisha kwa siku tatu. Walipomlaza mezani nilimtazama, nikaona kila kitu nilichowahi kukijibu kwa kalamu. Macho yameingia ndani. Utosi umebonyea. Nilipoibana ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama. Alikuwa akilia, mdomo wazi, lakini sauti ilikuwa kama ya mlango mkavu, na macho hayakuwa na chozi hata moja.

"Anakunywa?" nikauliza.

Yule mama kijana akainama. Bibi ndiye aliyejibu. "Tumemzuia maji. Maji ndiyo yanayomharisha."

Nikachanganya maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi, nikajaribu kumnywesha kwa kijiko. Akatapika. Nikangoja, nikajaribu tena. Akatapika, kisha akaacha kulia, na kule kuacha kulia kukanitisha kuliko kilio.

Kabatini kulikuwa na chupa moja ya dripu, ya kioo. Kumtia mtoto dripu nilikuwa nimefanya mara moja tu, sista amesimama begani kwangu. Nikatazama njia ya kupandia mlimani, kana kwamba tabibu angetokea. Haikuwa na mtu.

Nikamnyoa nywele kidogo upande wa paji kwa wembe. Nikamfunga mpira kuzunguka kichwa ili mshipa usimame. Mshipa wenyewe ulikuwa kama uzi wa kushonea.

"Mshike kichwa," nikamwambia mama yake. "Usimwachie hata akilia."

Nikachoma. Hakukutoka kitu. Nikachomoa, nikabonyeza pamba. Bibi akasema kitu kwa sauti ya chini, sijui ilikuwa dua au laana. Nikafuta jasho kwa bega, nikautafuta mshipa upande wa pili. Nikachoma tena, polepole, na damu ikarudi kwenye mpira, nyekundu, kidogo tu, kama mtu aliyefungua mlango kuchungulia. Nikaachia maji. Tone la kwanza likadondoka, la pili, la tatu. Chupa niliitundika kwenye msumari wa dirisha.

Tukakaa. Mama ameshika kichwa, mimi nahesabu matone, bibi ameketi sakafuni. Wagonjwa wengine walichungulia wakaondoka kimya kimya. Adhuhuri ikapita. Nilimgusa mtoto kila mara, na kila mara niliona kwamba bado yuko nasi, sikuona zaidi ya hapo.

Kisha, karibu na alasiri, yule mama akaruka. "Amekojoa!" Akainua kanga iliyolowa, akanionyesha kama mtu anayeonyesha mavuno. "Sista, amekojoa!"

Mtoto akafumbua macho. Akaiona sura yangu, sura ngeni iliyovaa kofia nyeupe, akakunja uso, akaangua kilio. Kilio cha sauti safari hii. Na kwenye kona ya jicho lake pakatokea chozi, likakua, likateleza mpaka sikioni. Nikalifuata kwa macho. Nilikuwa nimeona machozi mengi maishani, sikuwahi kufikiri kwamba chozi ni maji ambayo mwili unayatoa tu ukiwa na ya kutosha. Nilipiga magoti pale pale kwenye saruji. Wakadhani naokota kitu.

Bibi alisimama, akaishika ile chupa kwa ncha ya vidole. "Ni dawa gani hii?"

"Ni maji, bibi. Maji na chumvi, na sukari kidogo."

"Chumvi hii tunayopikia?"

"Ni karibu na hiyo."

Akaiachia chupa polepole. "Na mimi nilimnyima maji," akasema.

Nilikumbuka maneno mengi ya kitaalamu, yote hayakufaa. "Hukujua, bibi," nikamwambia. "Mimi mwenyewe nimejua juzi tu, kwa kufundishwa."

Aliuficha uso wake kwenye kaniki. Mkwe wake akamtazama. Kisha akampakatisha mtoto, mpira wa dripu na kila kitu, akisema, "Mshike wewe, mama. Mkono umeniuma." Sidhani kama mkono ulimuuma.

Tabibu aliporudi kesho yake mtoto alikuwa akinyonya. Aliiona chupa tupu, akaliona tundu moja la sindano upande huu na moja upande ule. "Mara mbili," akasema. "Mimi mara ya kwanza nilichoma mara tano." Akaenda kupanga dawa zake.

Nilikaa Mnazi miaka minne. Mwezi mmoja baada ya siku ile nilimwona yule bibi akija zahanati na wanawake watatu nyuma yake, mmoja na mtoto mgongoni. Hakukuwa na aliyezidiwa. Bibi aliingia bila kubisha, akachukua kijiko changu mezani, akageukia wenzake.

"Huyu ndiye," akawaambia. "Sasa, mwanangu, waonyeshe. Chumvi kiasi gani, sukari kiasi gani. Mimi nimewaambia, hawaniamini."

Nikaweka maji jikoni yachemke, na wao wakasogea karibu.