Kadogo Hakutaka Rege

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, upande wa Boito, kwa karamu ya mpwa wangu aliyemaliza chuo. Alishuka kwenye boda boda akiwa na nywele zinazomfika mabegani. Kabla hajatua mkoba, mjomba wetu mmoja, mzee mwenye adabu sana, alimvuta kando akamwambia kwa upole, "Kijana, hapa kuna watoto. Hizo rege zako tafadhali usizifungulie hapa." Mpwa wangu alinitazama kwa mshangao. Katika simu yake hakuna rege hata moja. Husikiliza mpira, basi. Mimi nilicheka mpaka nikaweka sahani chini, kwa sababu nilijua kosa hilo liliwahi kutufikisha wapi nyumbani kwetu. Nilikuwepo, na mimi ndiye niliyeshika redio.

Keti nikueleze polepole, maana hadithi yenyewe ni ya ng'ombe.

Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa na ng'ombe mmoja aliyempenda kuliko mashamba yake yote ya chai. Tulimwita Kadogo, jina alilopewa siku aliyozaliwa akiwa mdogo kama mbuzi. Baadaye alikua akawa mkubwa hivi kwamba mlango wa zizi ulipanuliwa, lakini jina likabaki. Maziwa ya Kadogo ndiyo yaliyotulea. Asubuhi yaliingia kwenye chai, mchana kwenye uji wa mtoto, na yaliyosalia nyanya aliyatia katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, yakagandia humo yakawa mursik. Hadi leo nikipita mahali nikasikia harufu ile ya moshi na maziwa, nageuza shingo.

Sasa, kama hujawahi kuishi na ng'ombe, nikuambie jambo moja. Ng'ombe hakamuliwi kwa nguvu. Maziwa yamo mwilini mwake, na yeye ndiye anayeamua kuyaachilia. Akiogopa au akichukia, anayazuia, nawe utavuta chuchu mpaka vidole vife ganzi. Na yakizuiwa siku nyingi, kiwele kinavimba, kinapata joto, na ng'ombe anaharibika. Nyanya alikuwa na njia yake. Alimleta ndama anyonye kidogo, akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kisha akafungulia redio yake ya kaseti iliyoning'inia kwenye msumari, akaweka kantri. Nyimbo za magitaa ya polepole, za wanaume wanaolilia farasi na wanawake walioondoka. Nyanya hakujua neno hata moja la Kiingereza, lakini zile nyimbo zilimwingia, na Kadogo pia zilimwingia. Ukisikia gitaa limeanza, unasikia na maziwa yakigonga ndoo.

Msimu mmoja wa mvua, nyanya aliteleza kwenye njia ya shamba la chai akitoka kituoni kupima chai, akavunjika mkono. Alirudi kutoka hospitalini na plasta kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko. Mama alijaribu kumkamua Kadogo, akapigwa teke, ndoo ikaenda upande wake na mama upande wake. Baba alisema yeye angejaribu kesho. Kesho ikafika, akasema ana haraka ya kwenda Sotik. Ukweli ni kwamba baba alimwogopa yule ng'ombe. Jioni yake alitangaza uamuzi.

"Mama, ikifika Jumamosi na hii ng'ombe haijakamuliwa vizuri, namwita mnunuzi. Afadhali iende ikiwa nzima kuliko tuizike."

Nyanya aliinuka. Alitoka nje akakaa karibu na zizi, mkono wake mweupe umelala mapajani. Nilikuwa na miaka tisa, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona mtu mzima akilia bila kutoa sauti.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye shamba kubwa la chai, ndiye aliyeleta jawabu. Alikuwa na mchumaji chai aliyetoka upande wa pili wa mpaka wa wilaya, karibu na Kisii, ambaye zamani alikuwa akikamua ng'ombe wa meneja katika shamba moja la wazungu. "Mikono yake ni mizuri," jirani alisema, kisha akashusha sauti. "Lakini nitakuambia mapema usije ukashtuka. Ana nywele."

"Nywele gani?" nyanya akauliza.

"Ndefu. Za kusokota. Zinafika hapa." Akajigusa bega.

Nikueleze maana ya neno hilo katika kijiji chetu wakati ule. Mwanamume mwenye nywele ndefu alikuwa mtu wa rege, bila kesi na bila shahidi. Hakuna aliyewahi kufanya utafiti. Ilikuwa ni ngazi, na watu waliipanda bila kuangalia walipokanyaga. Nywele ndefu ni rege, rege ni bangi, bangi ni uvivu, na kutoka hapo unaweza kufika popote. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alimrudisha nyumbani mvulana ambaye nywele zake zilikuwa zimechelewa kunyolewa kwa wiki mbili tu, akamwambia, "Nenda ukaache huo muziki kwenu."

Wengine wangemkataa yule mchumaji. Nyanya hakumkataa. Yeye aliwaza kwa njia nyingine, na hapo ndipo kosa lake lilipozaliwa, kosa la mtu mwema. Kwetu watu waliamini kwamba ng'ombe husikia mikono. Mwenye kukamua akiwa na hasira, ng'ombe hujua. Kwa hiyo nyanya akapiga hesabu yake. Kijana huyu ni mtu wa rege. Tukimwekea kantri, atakasirika moyoni. Akikasirika, Kadogo atajua. Basi ili Kadogo atoe maziwa, lazima huyu kijana afurahi kwanza.

"Nenda kwa jirani," akaniambia. "Mwambie mwanawe wa sekondari akupe kaseti moja ya rege. Chagua ile yenye kelele zaidi, mgeni asione tumembania."

Nikakimbia.

Alifika jioni hiyo hiyo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyeinamisha kichwa mlangoni kama anayeingia kanisani. Alisalimia kwa Kikipsigis, "Chamgei," kwa lafudhi iliyotufanya sisi watoto tuzibe midomo. Halafu alitoa kitambaa mfukoni, akazifunga nywele zake zote juu, hata unywele mmoja haukubaki nje, akaomba maji ya moto na sabuni, akanawa hadi kwenye viwiko. Nyanya aliangalia yote hayo kwa kuridhika. Kisha akanipa ishara kwa kidevu, nami nikabonyeza redio.

Rafiki yangu, ile kaseti ilipiga! Mabati ya zizi yalitetemeka. Kuku waliokuwa wamepanda kulala walishuka. Yule kijana aliinua uso, akaitazama redio, akamtazama nyanya. Nyanya akamtabasamia kwa ukarimu wote aliokuwa nao. Naye kijana, kwa heshima, akaanza kutikisa kichwa taratibu kufuata mdundo.

"Umeona?" nyanya akaninong'oneza. "Anafurahi."

Kadogo alitoa kikombe kimoja.

Asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Jioni, nusu kikombe, na mkia ukimcharaza kijana usoni kila mara ngoma ilipogonga. Siku ya tatu kiwele kilikuwa kigumu kama boga, na ukikigusa unasikia joto. Ilikuwa Alhamisi. Baba alipita akachungulia, akasema tu, "Keshokutwa ni Jumamosi," akaendelea na njia yake.

Alhamisi hiyo jioni redio iliila kaseti. Kulikuwa na mkwaruzo, sauti ikazama kama mtu anayetumbukia kisimani, na mkanda ukatoka nje kwa vipande virefu vya kahawia. Mimi nikaanza kulia, maana kaseti haikuwa yetu. Nyanya akainuka kwenye kiti chake.

"Pole sana, mwanangu," akamwambia kijana. "Tutakutafutia nyingine kesho. Usikasirike."

Kijana aliacha kukamua. "Mama, naomba niulize. Kwani hii ng'ombe ni lazima isikie rege?"

"Ng'ombe? Si ni wewe!"

"Mimi?"

"Wewe ni mtu wa rege."

"Nani alisema?"

Mkono mzima wa nyanya ukapaa wenyewe mpaka kichwani, ukashuka ukielekea begani, ukasimama hapo hapo.

Kijana alitazama ule mkono, akaanza kucheka. Alicheka akiwa bado amekaa kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavu wa Kadogo. "Mama, mimi nilifikiri ninyi ndio mnapenda! Nikasema, kumbe hawa wazee wa hapa ni wakali hivi. Siku tatu natikisa kichwa nisiwavunjie heshima. Hizo ngoma zinaniumiza kichwa mpaka nikifika kwangu nalala bila kula."

"Na hizo nywele sasa?"

"Ni nywele tu, Mama. Zinamea."

Nyanya aliketi kwa kishindo. Alicheka hadi akashika plasta kwa maumivu. Mama akatoka jikoni kuuliza nani ameaga dunia. Na kijana, ambaye sasa alikuwa amezoea kidogo, akaokota ganda la kaseti ya nyanya ya kantri lililokuwa juu ya ukuta wa zizi, akaligeuza kwenye mwanga. Juu yake kulikuwa na picha ya mwimbaji, nywele zake zimemwagika hadi kifuani.

"Na huyu je? Huyu nywele zake ni ndefu kuliko zangu."

"Huyo ana kofia," nyanya akasema. Alifikiri ameshinda, kisha akasikia alichosema mwenyewe. Tulicheka tena upya.

"Haya, wewe unapenda muziki gani, tukuwekee?"

Kijana akaona haya. Aliosha mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Muziki si sana, Mama. Mimi napenda salamu."

Vijana wa siku hizi watauliza salamu ni nini. Watu walikuwa wakinunua kadi ndogo, wakaandika majina ya wanaotaka kuwasalimu, wakaipeleka kituo cha redio, na mtangazaji akasoma moja baada ya nyingine kwa saa nzima. Watu fulani walizisikiliza kama wengine wanavyosikiliza mpira. Kijana alituambia kwamba tangu atoke kwao, kila siku alisikiliza salamu akingoja kijiji chao kitajwe, na kilikuwa kimetajwa mara mbili.

"Lakini saa hizi si saa ya salamu," nyanya akasema kwa masikitiko.

"Naweza kujisemea."

Akashika tena chuchu, akasafisha koo, akaanza kwa sauti nzito ya mtangazaji, ya chini, isiyo na haraka. "Salamu hizi zimfikie mama mwenye mkono wa plasta, popote alipo, hasa hapo kwenye kiti. Zimfikie mtoto aliyeharibu kaseti ya wenyewe, ajue kwamba atasamehewa. Zimfikie baba wa hapa, ambaye si mwoga, ila ana safari nyingi. Zimfikie Kadogo, na ndama wake, ambaye sasa hivi anakula shati langu. Ujumbe: tulia mama, tulia, hakuna anayekukimbiza..."

Sijui alikuwa amefika jina la ngapi. Nakumbuka kwanza nilisikia sauti moja nyembamba kwenye ndoo, kisha nyingine, kisha zikaungana zikawa mvua. Kadogo alishusha kichwa na kuanza kucheua. Nyanya alisimama, akasogea, akaweka ule mkono wake mzima kwenye mgongo wa ng'ombe. Kijana alisalimia ukoo wake wote, akasalimia wachumaji wenzake, akasalimia meneja aliyemwachisha kazi, mpaka ndoo ikatoa povu juu.

Jumamosi mnunuzi alikuja na kamba yake begani na fimbo. Kiwele kilikuwa kimelainika. Nyanya alimkaribisha sebuleni, akamtilia chai nyeupe, nzito, akamwongezea kikombe cha pili bila kumwuliza. Mnunuzi alikunywa, akasema haya ndiyo maziwa. "Ndiyo," nyanya akajibu, "ndiyo maana nimekukaribisha unywe. Kamba yako usiisahau." Baba alisoma gazeti la zamani kwa bidii kubwa.

Plasta ilipotolewa, nyanya alirudia kazi yake, akaweka kantri, na Kadogo akakataa. Alikuwa amebadilisha imani. Ikabidi nyanya, mwanamke wa umri wake, ajifunze kutangaza. Kwa miaka iliyofuata niliamshwa kila alfajiri na sauti yake ikitoka zizini, akisalimia dada zake walioolewa Kericho, wajukuu, mchungaji, majirani, hata mwalimu aliyechukia nywele. Mimi niliujua ukoo wetu kwa njia hiyo, nikiwa bado chini ya blanketi. Na mgeni yeyote aliyefika kwetu baada ya hapo, awe na kipara au nywele za kufagia sakafu, nyanya alimwuliza kwanza, "Unapenda kusikia nini?" kisha akangoja jibu. Ni swali rahisi. Lakini hebu jaribu kuhesabu watu waliowahi kukuuliza.

Leo zizi halipo. Mahali pale pamepandwa chai. Katika mashamba makubwa mashine zinachuma, na watu waliokuja kutoka ng'ambo ya mpaka wengi wamerudi kwao au wamekwenda mbele zaidi. Maziwa tunanunua kwenye pakiti, nayo hayamzuilii mtu. Kijana wetu alihama siku mashine zilipoletwa. Aliaga vizuri, lakini hatukupata habari zake tena. Nyanya alimweka mwisho wa orodha yake, baada ya ndugu zake wa damu. "Na zimfikie yule mwanangu wa nywele, popote alipo," alisema kila alfajiri, mvua ikinyesha au isinyeshe, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kuinua ndoo, kama mtu aliyebisha hodi na sasa anasikiliza.