Mchicha Wangu Usio na Dawa

Nitawasimulia, lakini mcheke kistaarabu, maana huku Chamazi mtaa mzima umeshacheka vya kutosha na mpaka leo kuna watu wakiniona wananiuliza, "Baba Rehema, leo mboga gani?" halafu wanaangalia pembeni. Aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili na sina wa kumsingizia.

Mie nina vitanda vinne vya mchicha ubavuni mwa nyumba, na sifa yangu mtaani ilikuwa moja tu, kwamba mchicha wangu hauna dawa. Sifa hiyo sikupewa na mtu, nilijipa. Kila asubuhi nilikuwa natuma picha kwenye kundi la simu la mtaa na maneno, "Asili tupu, afya kwanza," na nikipita sokoni nasimama mbele ya mchicha wa wenzangu natikisa kichwa kama daktari (daktari wa nini sijui, mie ni fundi cherehani).

Sasa wiki hiyo viwavi wakaingia, majani yakaanza kuwa matundu, nikajaribu majivu, nikajaribu maji ya pilipili, wakala kana kwamba nimewawekea kachumbari. Nikaenda Buguruni kwenye duka moja la dawa za mimea, muuzaji akanimiminia dawa kwenye chupa ndogo ya maji ya kunywa, haina jina wala maelezo, akaniambia, "Braza, kifuniko kimoja kwa bomba zima la kunyunyizia, vaa kitu puani, na ukishapiga usichume mpaka siku saba zipite." Nikaitikia yote kama mtu anayesikiliza.

Jumamosi alfajiri nikatoka na bomba la kuazima mgongoni, kandambili miguuni, kanga ya mke wangu nimejifunga puani, nikapiga vifuniko viwili badala ya kimoja (cha pili kilikuwa cha hasira). Macho yanawasha, nimelowa mpaka vidole vya miguu, mara mke wangu akauliza kutoka dirishani, "Baba Rehema, unafanya nini huko?"

"Namwagilia!"

Hilo neno moja ndilo lililoniponza. Ningesema ukweli angenicheka kidogo, yangeisha pale pale, lakini niliona haya, nilijua akishajua yeye basi na kundi la mtaa litajua. Nikaficha bomba nyuma ya choo, nikaoga, nikaenda zangu dukani kumalizia kanzu za watu.

Siku hiyo jirani yangu Mzee Shomari alikuwa anapokea posa ya binti yake, wageni wanatoka Kawe, na mie alikuwa amenipa heshima ya kuwa msemaji wa upande wa binti. Nikatoka dukani saa sita nikaenda moja kwa moja kwake, kwangu sikupita. Nikaongea vizuri mpaka mwenyewe nikajipenda, posa ikakubaliwa, dua ikasomwa, vyakula vikaanza kuingia. Tuliokaa sebuleni ni wanaume, wanawake wako uani. Pilau, nyama ya mbuzi, na juu ya kila sinia bakuli la mchicha wa nazi.

"Karibuni sana," Mzee Shomari akawaambia wageni, "na huo mchicha ni wa msemaji wetu huyu. Mke wake kauchuma leo asubuhi, kamletea mama watoto beseni zima. Hauna dawa hata tone!"

Jamani! Nilitaka kusema, nikaona haya, wageni wote wananiangalia wananitabasamia, nikajiambia nitafute njia ya kistaarabu. Nikavuta bakuli nikaliweka mapajani. Mzee Hamza, ami yake bwana harusi, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akacheka. "Msemaji, na sie tuonje basi."

"Nina hamu nao, mzee wangu, nisameheni."

Nikajinyoosha nikachukua na bakuli la sinia la pili, nikalificha nyuma ya goti, watu wakaanza kutazamana na Mzee Shomari akanikata jicho ambalo sitalisahau. Mtu aliyetoka kuhutubia habari za heshima na uungwana sasa anakumbatia mabakuli ya mboga. Mzee Hamza naye mcheshi, akadhani ni utani wa ukwe, akapitisha mkono akachota tonge la mchicha mapajani kwangu, linaelekea mdomoni.

Nikamdaka mkono. Mkono wa mkwe, mbele ya watu, siku ya posa, nikaukamata na mchuzi wa nazi unatiririka mpaka kwenye kanzu yake.

"Usile, mzee! Nimeupiga dawa."

"Dawa gani?"

"Ya viwavi."

"Lini?"

"Leo alfajiri."

"Si umeoshwa lakini?" akauliza mmoja pembeni, na mie nikakumbuka vile vifuniko viwili, halafu nikakumbuka uani. Mke wangu yuko uani. Rehema wangu wa miaka tisa yuko uani.

Nilitimka kupitia jikoni, sikupiga hodi, nikatokea katikati ya wanawake wamevua mitandio wanakula kwa raha zao, wakapiga kelele, wengine wakajifunika na sahani, mie napayuka, "Mchicha msile! Mchicha una dawa!" Mke wangu alikuwa na tonge mkononi. Akaniangalia, akaliweka chini taratibu. "Kumbe ulikuwa unamwagilia dawa." Rehema alikuwa bado anachambua mfupa wa mbuzi, mboga hajaigusa, na nilimshika nikalia mbele ya kina mama wote, siwafichi.

Aliyekuwa ameshaula ni bibi yake bwana harusi peke yake, matonge mawili. Tukampeleka zahanati mbio. Muuguzi akaniuliza dawa inaitwaje, nikampa chupa niliyoipitia nyumbani, akaisoma nje, akaniangalia. "Baba, hapa pameandikwa maji safi ya kunywa." Ikabidi nirudi Buguruni na kanzu yangu ya sherehe kumsaka muuzaji anitajie jina, nikalisoma kwa simu herufi moja moja mbele ya foleni ya wateja. Niliporudi muuguzi naye akanipa somo, kwamba kuosha hakuondoi yote na kupika hakuondoi yote. Bibi walimkalisha mpaka jioni wakimwangalia macho na jasho, hakupata kitu, alhamdulillahi. Nilipomwomba radhi alinishika shavu. "Mwanangu, ungesema tu tungekula pilau peke yake."

Posa haikuvunjika. Mzee Hamza alisema ilikubaliwa kabla ya mchicha, kwa hiyo iko pale pale, ila siku ya harusi tuwatafutie msemaji mwingine.

Sasa hivi dawa isiyo na jina lake haiingii kwangu, navaa mabuti na barakoa mchana kweupe, na nikipiga naweka ubao, NIMEPIGA DAWA MSICHUME, na tarehe, wapita njia wanausoma kwa sauti makusudi nisikie. Vile vitanda vinne tuling'oa vyote, nikapanda upya, sikupiga kitu. Mchicha ukakua, mke wangu akaupika, tukakaa mezani. Wamenawa, ugali unafuka moshi, hakuna anayenyoosha mkono. Nikasema huu sijaupiga dawa, wallahi. Rehema akanisogezea bakuli.

"Anza wewe, baba."

Nikaanza mie. Wakanitazama nikitafuna, nikimeza, wakangoja kidogo, ndipo wakala. Na mpaka leo, nyumbani kwangu, siku ya mchicha ni hivyo hivyo.