Boliti Nne za Malimi

Kwa miaka ishirini na mbili Malimi alikuwa fundi mkuu wa kiwanda cha kuchambulia pamba cha ushirika, hapa Bariadi, na muda wote huo alikuwa na ugomvi na boliti iliyolegea. Akiiona, hali chakula mpaka aikaze. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, ushirika ukafilisika, naye akaishia kuziba pancha za baiskeli karibu na stendi. Iliuma, na asiseme mtu kwamba alizoea.

Basi Kasmiri, mfanyabiashara aliyekinunua kile kiwanda, akamwita nyumbani. Barazani palikuwa na makasha mawili kutoka ng'ambo: mashine ya kufulia nguo na ya kuzikaushia, ya pili ya kukaa juu ya mgongo wa mwenzake.

"Hazili umeme mwingi, ndiyo maana nimezichukua," Kasmiri alisema. "Malimi, ng'wana Bujiku, nifungie. Zikifanya kazi, Jumatatu unarudi kiwandani, fundi mkuu."

"Bosi, karatasi ya maelekezo iko wapi?"

"Fundi mkuu naye anaulizia karatasi?"

Malimi akaona haya, akaanza kufungua makasha.

Alifanya kazi siku mbili, na kwa macho yake ilikuwa kazi safi. Alisawazisha sakafu, akavuta bomba kutoka kwenye tangi la maji, akaipandisha mashine ya kukaushia na kuifunga kwa ukanda wa chuma. Mwisho akazunguka nyuma, akakuta boliti nne ndefu zimelegea kidogo. Alizikaza kwa spana mpaka jasho likamtoka, akajisikia mtu tena. Masikini, hazikuwa boliti za kukazwa. Ziliwekwa kulishikilia pipa la ndani lisigongwe safarini, na zilitakiwa kutolewa zote kabla mashine haijawashwa.

Jumapili Kasmiri aliita wageni. Maji yaliingia, nguo zikazunguka taratibu, watu wakapiga makofi. Ilipofika kukamua, mashine ilinguruma na kuanza kutembea sakafuni. Ukanda ukakatika, ile ya juu ikaanguka na kupasuka mbele ya miguu ya wageni.

Kasmiri hakukasirika, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Aliingia chumbani, akarudi na karatasi, akaikunjua wote waione. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa boliti nne na mkono unaozitoa. Hata asiyejua kusoma angeelewa.

"Nilikuwa nayo," alisema. "Nilitaka kumwona fundi wa ushirika akifanya kazi bila kushikwa mkono. Mashine nitaagiza nyingine. Ila leo tumejua ushirika ulikufa kwa nini."

Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Malimi alitaka kusema kwamba aliuliza, lakini akamkumbuka mkewe, Evalina, ambaye alishawatangazia majirani kwamba mume wake anarudi kazini.

"Kazi bado ipo," Kasmiri akaendelea. "Nataka mtu wa kufagia chini ya mashine. Ufundi mkuu nampa Mayala, yule uliyemfundisha kushika spana. Utakuwa chini yake."

Malimi alisema asante, bosi, akauliza aripoti saa ngapi. Aliuliza mara mbili, maana mara ya kwanza vicheko havikumruhusu kusikika.