Gari Linaloamka Kama Ng'ombe: Fundi wa Uyole na Mifuko ya Upepo

Jua halijachomoza, na gari limekwisha kuiacha Rujewa nyuma. Ni gari refu, jeusi, la Kijerumani, la zamani, nalo linakwenda mwendo wa mtu aliyebeba mayai kichwani. Kwenye kiti cha nyuma amelazwa Nyamizi, mama wa makamo, ambaye nyonga yake ilivunjika mkokoteni wa ng'ombe ulipompindukia. Mbele, kando ya dereva Silvester, ameketi mumewe Ngolo, mfugaji aliyehamia bonde la Usangu kutoka Shinyanga.

Sakafuni, katikati ya viti, amejikunja fundi Sedekia Mgaya. Sikio amelibandika chini, kama mtu anayesikiliza tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

"Wa kulia anapumua vizuri," anasema. "Wa kushoto ana mafua."

Anaongelea mifuko. Gari hili halina springi kama magari tunayoyajua. Kila gurudumu limebebwa na mfuko wa mpira, na pampu ya injini huujaza upepo. Ndiyo maana abiria wake hatikisiki, hata barabara ikiwa ya makorongo matupu. Kwa mtu aliyevunjika nyonga, safari ya lori kutoka Rujewa hadi hospitali kubwa mjini Mbeya inaweza kuwa safari ya mwisho. Wauguzi wa zahanati walimwambia Ngolo hivyo bila kumficha: asipandishwe lori, lisubiriwe gari la parokia.

Tatizo ni umri. Mpira nao huzeeka. Hukauka ukapasuka kama kisigino cha mkulima. Meneja wa shamba la chai Mufindi aliyeliacha gari hili kwa mapadri alipoondoka nchini hakuacha mifuko ya akiba, na dukani haipo, si Iringa, si Dar es Salaam. Likiegeshwa jioni, upepo hutoroka polepole. Asubuhi unalikuta limelala kifudifudi. Ukiwasha injini, linainuka taratibu, nyuma kwanza, mbele baadaye.

Ngolo alipoliona linaamka alfajiri hii alivua kofia. Akasema gari hilo limezaliwa zizini, maana ng'ombe naye huanza kuinua matako.

Sedekia ni Mbena wa Nyololo, wilaya ya Mufindi, mtoto wa mhunzi. Darasani alifika la tatu. Mengine alifundishwa na mvukuto wa baba yake, ule mfuko wa ngozi ya mbuzi unaopuliza moto wa chuma. Mbuzi wa mvukuto hapasuliwi tumbo. Ngozi yake huvuliwa nzima, kama mtu anavyovua soksi.

"Baba alikuwa akisema mshono ni mdomo," anasimulia. "Ukishona, umeufundisha upepo kusema."

Kwa hiyo mapadri walipomletea gari gereji kwake Uyole, hakutafuta kiraka. Alikata kipande cha tyubu ya lori, duara zima lisilo na mshono, akakivisha ngozi ya mbuzi iliyovuliwa nzima, kisha akavifunga pamoja kwenye vikombe vya chuma vya mfuko wa zamani. Tyubu ishike upepo, ngozi ibebe uzito. Gari liliinuka. Watu wa sokoni Uyole waliacha viazi vyao wakaja kutazama.

Lakini mtoto wa mhunzi alikuwa amefanya kosa la kihunzi. Mvukuto hupakwa mafuta ya ng'ombe ili ngozi ilainike, naye akaipaka ngozi yake hivyo hivyo. Mafuta yalipenya hadi kwenye tyubu, na mpira ukaanza kulika. Jumapili ya pili, mbele ya kanisa, waumini wakitoka misani, mifuko ya mbele ilipasuka na gari likapiga magoti.

Sedekia ni Mlutheri. Hadi leo Silvester hamwachi. Huwaambia watu kuwa fundi huyu aliligusa gari mara moja tu, likawa Katoliki.

Aliyeokoa kazi ni mkewe, Damari, ambaye hukamua mafuta ya nyonyo ya kupaka watoto. Alikuwa na mpira wa kufungia chupa yake ya mafuta, umekaa miaka bila kuoza. Akamwekea mumewe chupa hiyo mezani, akamwambia, "Baba Tekla, ng'ombe mwache zizini."

Tangu hapo ngozi hupakwa nyonyo, na katikati ya ngozi na tyubu hunyunyizwa poda. Mifuko mipya imebeba wagonjwa wengi. Hata hivyo Sedekia haliachi gari liende na mgonjwa bila yeye.

Leo inaonekana alikuwa na sababu. Kwenye korongo la mwisho kabla ya barabara kuu, mafua ya mfuko wa kushoto yanageuka filimbi. Gari linainama upande mmoja. Nyamizi anauma kanga yake na machozi yanamtoka bila sauti.

Sedekia anamwambia Silvester asimamishe lakini injini asiizime. Wanaweka jeki na mawe, naye anaingia chini kwa mgongo. Ngozi imechomoka kwenye kikombe. Waya iliyoifunga imekatika. Waya nyingine hana.

Kutoka kitini inasikika sauti ya Nyamizi, nyembamba lakini kali: "Fundi, mgonjwa ni mimi au gari?"

"Mko wawili, mama. Naanza na huyu kwa sababu ndiye aliyekubeba."

Ngolo anafungua mzigo wake. Ameufunga kwa ukanda wa ngozi mbichi, ukanda wa nira uliobaki kwenye mkokoteni uleule uliomvunja mkewe. Hakutaka kuuacha nyumbani, wala hakujua anaubebea nini. Anauchovya kwenye maji ya korongo mpaka unalegea, anaupitisha chini ya gari bila kuambiwa. Mfugaji anajua ngozi mbichi ikikauka hubana kuliko chuma.

Sedekia anazungusha, anavuta kwa meno, anafunga. Anatoka amejaa tope. Wanasubiri.

Silvester ana desturi yake: haondoi gari mpaka liwe limesimama sawasawa na fundi amelisalimia. Wote wanatazama mlango wa nyuma. Unapanda unene wa kidole, unatulia, unapanda tena, mpaka kiti kinanyooka na Nyamizi anaachia kanga mdomoni.

"Kamwene," Sedekia analisalimia gari kwa Kibena.

Kisha Nyamizi analiitikia kwa niaba yake, kwa Kisukuma chake: "Mwangaluka."

Ngolo anafunika uso kwa kofia. Silvester anaingiza gia.

Walifika Mbeya mchana. Nyamizi alilazwa hospitali mpaka mavuno yakaisha, na sasa anatembea kwa fimbo. Ngolo aliuza dume lililopindua mkokoteni. Silvester amehamia Mbalizi, anaendesha trekta la kijiji. Dereva mpya wa parokia amefundishwa kusalimia. Ukanda wa nira bado uko chini ya gari, umekuwa mgumu kama mfupa. Nyama ya wale mbuzi waliotoa ngozi za mifuko ililiwa zamani.

Sedekia yuko Uyole. Nyuma ya gereji ameweka ekseli ya gari bovu na magurudumu mawili, anaunda mkokoteni wa ng'ombe utakaokalia mifuko ya upepo, upelekwe Usangu kubebea wagonjwa pale ambapo gari halifiki. Mfuko mmoja umekamilika. Wa pili unangoja mbuzi, na Ngolo ametuma salamu kwamba mbuzi yupo njiani.