Kuku Anayeendelea Kuiva

Chakula kilichopikwa kwenye maikrowevu hakiachi kuiva hata ukishakimeza. Kinaendelea kuchemka tumboni saa mbili nzima, na mtu akithubutu kulala kabla ya hapo, kinamuunguza utumbo. Kinga yake ni kukaa wima na kunywa maji ya baridi. Hayo nilifundishwa na jirani yangu wa dawati kwenye shule ya jioni, fundi friji mmoja aliyekuwa anaongoza darasa zima kwa Fizikia. Mtu anayejua baridi inatoka wapi, nikajiambia, atashindwaje kujua joto linakwenda wapi? Nikaamini. Niliamini kuliko kitu chochote nilichowahi kunakili ubaoni.

Ndiyo maana maikrowevu tuliyozawadiwa harusini ikawa kabati letu la mkate. Mke wangu alipouliza mbona hatuitumii, nilimwambia inakula umeme kama trekta inavyokunywa dizeli. Ya utumbo sikumwambia. Niliogopa angekosa usingizi.

Basi mimba ya kwanza ikaja, na pua ya mke wangu ikawa kali kupita ya mbwa wa polisi. Kitunguu kikikaangwa nyumba ya nne, yeye huyo anakimbilia chooni. Jiko la mkaa likapigwa marufuku. Sufuria yoyote inayotoa mvuke ikapigwa marufuku. Mpishi nikawa mie, tena mpishi wa kupika bila kunukia, kazi ambayo hata malaika wangeomba likizo. Siku moja akarudi kutoka mjini na chungu cha plastiki nene, chenye mfuniko wa kuzungusha na kitufe chekundu juu yake.

"Hii presha kuka ya kuweka ndani ya maikrowevu," akasema. "Inapika haraka, na harufu inabaki humo humo. Jumapili mama anakuja. Utampikia kuku."

Jumapili hiyo haikuwa ya mchezo. Mke wangu alitaka mama yake aje kukaa nasi zile siku arobaini baada ya kujifungua, kama ilivyo kwao, na mama mkwe alikuwa hajakataa wala hajakubali. Alikuwa amesema tu, "Kibamba kwenu huko pori. Nitakuja nishinde siku moja. Nyumba ikinikubali, nitaleta shuka zangu. Isiponikubali, mwanangu atakuja kukaa arobaini yake kwangu Buguruni." Na kwake Buguruni ni chumba kimoja. Maana yake mie, baba mtu, ningemjua mwanangu kwa picha za simu mpaka siku arobaini ziishe.

Jumamosi tukakijaribu kile chungu kwa viazi. Nikahamisha mkate, nikatia maji, nikazungusha mfuniko mpaka ukalia ko, nikabonyeza, kisha nikatoka nje na kusimama nyuma ya tangi la maji.

"We, unakwenda wapi?" mke wangu akaita.

"Naangalia kama harufu inatoka!"

Harufu haikutoka. Mashine ikazima, kitufe kikashuka, tukafungua: viazi laini kama mto wa bibi harusi. Mke wangu akala vitatu akaanza kujinyoosha kwenye kochi.

"Inuka, mama. Nesi kasema utembee."

"Kasema lini?"

"Kule kliniki. Ulikuwa kwenye mzani."

Nikamtembeza kuizunguka nyumba mpaka majirani wakadhani tunapima kiwanja. Mie mwenyewe nilikuwa nimekula kimoja, nikakaa wima kama askari wa gwaride na kunywa maji ya baridi karibu mtungi mzima. Saa mbili zikapita, utumbo salama. Hapo ndipo imani yangu ilipozidi: nilijua ni maji yaliyotuokoa.

Jumapili mama mkwe akafika na kikapu cha ndizi. Nikamsalimia shikamoo kwa mbali, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Alipokuwa anaswali adhuhuri, mie nilikuwa jikoni na jogoo wa kienyeji mwenye misuli ya bondia. Kwa mkaa, jogoo yule angetuweka mpaka alasiri. Mle ndani alikaa nusu saa tu, nikangoja kitufe kishuke chenyewe, maana kuufungua ule mfuniko mapema ni kutafuta kunyolewa nyusi. Nyama ikaachia mfupa kwa hiari yake.

Mama mkwe akatengewa ndani, na filigisi juu. Mie nilikula kibarazani, kwa sababu mkwe hali sahani moja na mama mkwe wake, lakini masikio niliyaacha mezani. Nikasikia mifupa inavunjwa, inafyonzwa, inatupwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Huyu kaiva haswa."

Na bado anaiva, nikawaza.

"Nitandikie mkeka, mwanangu, nijinyooshe. Goti limechoka."

Sasa ningesemaje? Kwao pwani, mkwe hataji kiungo cha mama mkwe, sembuse tumbo lake na yanayoendelea humo. Nikaingia na jagi la maji ya baridi.

"Mama, hujaona tangi letu!"

"Nimeliona nilipoingia, baba."

"Hujaliona kwa nyuma."

Akainuka kwa heshima tu. Nikamwonyesha tangi kwa nyuma. Nikamwonyesha mipapai, mmoja mmoja, pamoja na historia zake. Nikamwonyesha mawe manne ya mipaka ya kiwanja, na kwenye kila jiwe tulisimama na kunywa maji. Kwenye la nne akaniangalia kwa jicho la pembeni.

"Baba, hapa kwenu watu huwa hawakai?"

"Upepo mzuri huku, mama. Ongeza bilauri moja."

Tuliporudi ndani akaelekea moja kwa moja mkekani. Saa yangu inasema dakika arobaini tu zimepita! Nikamtangulia kwa hatua mbili, nikaukunja ule mkeka na kuukumbatia.

"Una vumbi, mama. Ngoja nikaukung'ute."

Hapo ndipo nilipokumbuka nimeoa pwani. Kumkunjia mgeni mkeka machoni pake ni kumwambia njia aliyojia bado anaijua. Mama mkwe akajifunga khanga yake upya, akachukua kikapu.

"Nimeshaona," akamwambia binti yake. "Utakuja kwangu."

Mke wangu akanigeukia, mkono kiunoni, mwingine juu ya mimba, machozi yanamlengalenga. "Umemfukuza mama yangu? Kwa mkeka?"

Nikageukia ukuta, kwa sababu nilichotaka kusema hakisemwi uso kwa uso.

"Mama, nisamehe. Sikufukuzi. Ni kuku. Bado anaiva."

"Anaiva wapi?"

"Huko... huko alikokwenda. Amepikwa kwenye maikrowevu. Ukilala kabla saa mbili hazijapita, anaunguza. Mie nakulinda, mama."

Halafu nikasikia kikapu kinawekwa chini, na sauti kama ya mtu anayekohoa. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanacheza ngoma.

"Yaani ndiyo maana nimetembezwa kama mbuzi wa mnada?"

"Ndiyo, mama."

"Na yale maji?"

"Ya kupoozea, mama."

"Kwa hiyo yule nesi wa jana...?" mke wangu akadakia.

"Nesi hakusema kitu."

Walicheka mpaka mke wangu akakaa chini sakafuni. Mama mkwe akaninyang'anya mkeka, akautandika mwenyewe, akajilaza chali, urefu wake wote, pale pale mbele yangu.

"Hizo siku arobaini mtanilaza chumba gani?" akauliza, macho juu ya dari. "Maana shuka zangu ni za kitanda kikubwa."

Mke wangu akaonyesha mlango wa kulia. Mie bado nilikuwa natazama saa.

"Baba, iache hiyo saa unisikilize," mama mkwe akasema. "Kuku anaiva mashine ikiwa inafanya kazi. Ikizima, kuiva kumekwisha. Kinachobaki ni joto tu, nalo linapoa kama la chakula cha jiko lolote."