Kinyonga kwenye Kikapu cha Kahawa

Harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi bado hunitoa jasho viganjani. Wengine huwakumbusha mvua. Mimi hunikumbusha posa ya shangazi Koku, ambayo nusura niiharibu nikiwa darasa la tatu.

Kwetu Izimbya, mgeni wa heshima hakukanyaga udongo mtupu. Sakafu ilitandikwa nyasi mpya kutoka rweya, ule uwanda wa wazi nje ya vibanja vyetu vya migomba. Lakini ilikuwa miaka ya ujamaa, na nyasi zote za karibu tulikuwa tumeshazibeba vichwani kutandaza kwenye shamba la kahawa la shule, elimu ya kujitegemea hiyo. Bibi aliponituma alfajiri nikajiuliza, safari yote hiyo ya nini? Nikakata zangu kando ya msitu wa mtoni, nikawahi kurudi, na nikasifiwa.

Wageni walitoka Muleba: baba wa mchumba, mzee mmoja mrefu, na wadogo zake wawili. Nilipiga magoti kando ya bibi, macho chini kwa adabu, nikivitazama vidole vya mzee vilivyochungulia kwenye makubazi. Hapo ndipo jani kavu karibu na goti langu lilipoinua mguu.

Naapa, liliinua mguu. Lilikuwa kahawia, halizidi kidole changu cha mwisho, na kimkia kifupi kama kilichokatwa. Jicho moja likanigeukia, jingine likabaki kwa wageni. Kinyonga! Na bibi alishatuambia mara ngapi: kinyonga akiingia nyumbani siku ya posa, hakuna posa tena. Shangazi Koku alikuwa nyuma ya pazia, ana miaka yake thelathini, majirani wameshachoka kumsema. Nilimpenda kuliko mama yangu, Mungu anisamehe. Nikamfumbata yule mnyama.

Akaanza kutetemeka kiganjani, mtetemo mdogo usiokoma. Nikajua ndiyo laana inaniingia mwilini. Nikauma meno.

"Mjukuu wangu, wape wageni kahawa," bibi akasema.

Nikaisha kabisa. Kahawa ya kutafuna, akamwani, hutolewa kwa mikono miwili. Nikakishika kikapu cha buni kwa mkono mmoja.

"Mikono miwili! Dharau hiyo umefundishwa na nani?" bibi akafoka.

Nikafumbua kiganja. Kinyonga akaangukia kwenye buni, akalala ubavu kama mfu. Mzee akatazama. Akatazama tena. Kisha akachota buni tatu pamoja na lile "jani", akala buni, mkono ukaingia mfukoni mwa koti.

"Kahawa nzuri," akasema, na mazungumzo yakaendelea. Nikamshukuru Mungu kwa kumpa mzee macho mabovu.

Baadaye nilikuja kufundisha baiolojia miaka mingi. Yule hakuwa mtoto wa kinyonga. Kuna aina ya vinyonga ambao hata wakizeeka hawazidi kidole. Mchana hutembea juu ya majani yaliyoanguka, jioni hupanda bua la nyasi na kulala hapo. Alfajiri ile nilimkata pamoja na kitanda chake. Na kule kutetemeka ni kujitetea tu, maana mbio hana. Laana gani! Aliogopa kama mimi.

Juzi juzi tulimzika yule mzee. Shangazi Koku, mama wa watoto watano sasa, akanivuta kando. "Baba mkwe alimwona kinyonga wako," akaniambia. "Walipotoka alichuchumaa kwenye mti wa kwanza wa kahawa kibanjani, akamwachia. Wadogo zake wakamuuliza anafanya nini. Akawaambia anafunga kamba za viatu, nao wakamsubiri."

Nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Miaka yote nilidhani posa ile niliibeba peke yangu. Kumbe tulikuwa wanne: mzee amechuchumaa, na wadogo zake wawili, watu wazima na akili zao, wamesimama kibanjani wakimsubiri afunge kamba za makubazi.